KAZI YA HARAKA NA KAZI MUHIMU
Kanuni za kuamua ipi itangulie

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, umejengwa kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Ziwa Babati lina kina kifupi, na maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Katika miaka ya 1964, 1979 na 1990 ziwa lilifurika na maji yakaingia katika sehemu za mji. Kila yalipotokea mafuriko hayo, kazi ya siku ile ilijulikana bila ya mtu yeyote kuuliza: kuhamisha watu, kuokoa mali, na kuifungua njia. Lakini ilikuwapo kazi nyingine, nayo ni kuitunza ardhi ya miinuko ambayo maji yake huteremkia ziwani. Kazi hii haikuwa na siku yake. Hakuna asubuhi hata moja ambayo mtu aliamka akaambiwa kwamba ni lazima ifanywe leo, la sivyo itakuwa hasara.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya haraka. Ya pili ilikuwa muhimu. Watu wengi huyachukua maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na kosa hilo ndilo lifanyalo ofisi nyingi, karakana nyingi na hata kaya nyingi zishinde zikihangaika kutwa nzima, kisha zimalize mwaka bila ya kutimiza jambo lililokuwa na maana zaidi. Makala haya yanaeleza tofauti ya mambo haya mawili, yanaonyesha kanuni ambazo wanahisabati wamezithibitisha kuhusu kupanga kazi, na mwisho yanaeleza kwa nini kanuni hizo peke yake hazitoshi.

Maana ya uharaka na maana ya umuhimu

Uharaka ni kipimo cha wakati. Kazi ni ya haraka iwapo muda uliobaki kabla ya mwisho wake ni mfupi. Umuhimu ni kipimo cha matokeo. Kazi ni muhimu iwapo kuifanya au kutoifanya kunaleta tofauti kubwa katika maisha ya watu, katika mali, au katika lengo ambalo kwa ajili yake mfanyakazi ameajiriwa. Vipimo hivi viwili havitegemeani, kama vile urefu wa gunia usivyoeleza uzito wa kilichomo ndani yake.

Mwezi Agosti 1954, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliitaja tofauti hii alipohutubia mkutano huko Evanston, katika jimbo la Illinois. Hakudai kuwa wazo lilikuwa lake, bali alisema amelipata kwa mkuu wa zamani wa chuo kimoja, ambaye hakumtaja jina. Baadaye walimu wa uongozi wa kazi waliligeuza wazo hilo kuwa mraba wenye vyumba vinne, na mwaka 1989 mwandishi Stephen Covey akaueneza duniani kwa kitabu chake juu ya tabia za watu wenye kufanikiwa.

Vyumba hivyo vinne vinaweza kuelezwa kwa kutazama kazi za bwana shamba wa kata yoyote ya Wilaya ya Babati.

Chumba cha kwanza ni cha kazi zilizo muhimu na za haraka pia. Viwavijeshi wakionekana katika mahindi machanga, shamba laweza kuliwa lote kwa siku chache. Hapa hakuna mjadala. Bwana shamba huacha yote na kwenda.

Chumba cha pili ni cha kazi zilizo muhimu lakini zisizo za haraka. Kuwafundisha wakulima kuchimba makinga maji katika mashamba ya miteremko ni kazi ya namna hii. Ikiahirishwa wiki moja hakuna atakayeona tofauti. Ikiahirishwa miaka 10, udongo wa juu utakuwa umekwenda na maji.

Chumba cha tatu ni cha kazi za haraka zisizo muhimu. Taarifa inayotakiwa kabla ya saa nane mchana, ambayo itawekwa katika jalada na isisomwe na mtu, ni ya haraka kweli, lakini haimwongezei mkulima hata debe moja la mavuno.

Chumba cha nne ni cha mambo yasiyo ya haraka wala muhimu, ambayo kila mtu anayajua na hakuna haja ya kuyaorodhesha.

Chumba cha kwanza kina hadhi ya pekee. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kusini-magharibi ya Babati, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika saa kama hizo, kazi nyingine zote husimama. Hata hivyo, ndani ya chumba hicho hicho bado kuna haja ya kuchagua. Majeruhi wengi wanapoletwa hospitalini kwa wakati mmoja, waganga huwapanga kwa ukali wa hali zao, si kwa kufuata nani amefika kwanza wala nani ana cheo. Utaratibu huu ulienezwa na Dominique Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, aliyeamuru kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, awe ofisa au askari wa kawaida.

Kwa nini haraka hushinda

Mtu angeweza kudhani kwamba kinachokosekana ni elimu tu: kwamba mfanyakazi akijua ipi ni kazi muhimu, ataifanya kwanza. Utafiti unaonyesha vingine. Mwaka 2018, Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa kuchagua baina ya kazi mbili. Moja ilikuwa na malipo makubwa zaidi na muda mrefu wa kuifanya. Ya pili ilikuwa na malipo madogo na muda mfupi. Kwa kuwa kila mmoja angeweza kuimaliza yoyote kati ya hizo kwa wakati, busara ilitaka achague yenye malipo makubwa. Hata hivyo, muda mfupi uliwavuta watu wengi kuelekea kwenye malipo madogo. Waliovutwa zaidi ni wale waliojiona kuwa na shughuli nyingi. Lakini watafiti walipowakumbusha watu, wakati ule ule wa kuchagua, kuyatazama malipo, mvuto huo ulipungua.

Matokeo haya yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba tarehe ya mwisho huishika akili hata pale isipokuwa na uzito wowote. La pili ni kwamba udhaifu huu unatibika, na dawa yake ni nyepesi: kuuandika umuhimu wa kazi mahali pale pale palipoandikwa tarehe yake, ili jicho lione vyote viwili kwa pamoja.

Mfano wa fundi cherehani

Upangaji wa kazi ni tawi kamili la hisabati. Lilikua haraka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vilipotaka kujua ni mpangilio gani unaofaa kazi nyingi zinapoingoja mashine moja. Kanuni zake zinaweza kuelezwa bila ya hesabu ngumu.

Tuseme fundi cherehani wa mjini Babati, mwenye cherehani moja, amepokea kazi nne kwa siku moja. Sare za wanafunzi zinahitaji siku 4 za kushona, na zinatakiwa siku ya 6. Gauni la harusi linahitaji siku 3, na linatakiwa siku ya 8. Kupunguza suruali za mteja mmoja kunahitaji siku 1, nazo zinatakiwa siku ya 9. Mapazia ya ofisi yanahitaji siku 2, nayo yanatakiwa siku ya 10. Jumla ni siku 10 za kazi.

Iwapo fundi atamsikiliza anayepiga kelele zaidi, huenda akaanza na mapazia kwa sababu mwenye ofisi ni mtu mkubwa, kisha gauni kwa sababu mama wa bibi harusi huja kila asubuhi, kisha sare, na mwisho suruali. Mapazia yatakwisha siku ya 2 na gauni siku ya 5. Sare zitakwisha siku ya 9, yaani siku 3 baada ya ahadi, na suruali siku ya 10, zikiwa zimechelewa siku 1. Wateja wawili wamevunjiwa ahadi.

Mwaka 1955, James Jackson wa Chuo Kikuu cha California alithibitisha kanuni iliyo nyepesi: ili kuchelewa kukubwa kuliko kote kuwe kudogo iwezekanavyo, panga kazi kwa kufuata tarehe ya mwisho, iliyo karibu ikitangulia. Sababu yake ni wazi. Zikiwapo kazi mbili zinazofuatana, na iliyotangulia ndiyo yenye tarehe ya mbali, kuzibadilishana nafasi hakuwezi kuongeza kuchelewa kukubwa kabisa. Kwa hiyo mpangilio wowote unaweza kusahihishwa hatua kwa hatua mpaka ufuate tarehe. Fundi akiitumia kanuni hii, sare zitakwisha siku ya 4, gauni siku ya 7, suruali siku ya 8, na mapazia siku ya 10. Hakuna aliyecheleweshewa.

Lakini kanuni hii inajua tarehe tu. Haijui uzito wa kazi. Mwaka 1956, W. E. Smith alithibitisha kanuni ya pili: ili jumla ya kungoja, ikipimwa kwa uzito wa kila kazi, iwe ndogo iwezekanavyo, gawanya uzito wa kazi kwa siku inazohitaji, kisha tanguliza kazi yenye jawabu kubwa zaidi. Tuseme fundi amezipa sare uzito wa 12, gauni 6, suruali 4 na mapazia 2. Sare zitapata 12 kwa 4, yaani 3. Gauni litapata 2, suruali 4, na mapazia 1. Mpangilio utakuwa suruali, sare, gauni, kisha mapazia. Suruali zitakwisha siku ya 1, sare siku ya 5, gauni siku ya 8, na mapazia siku ya 10. Hapa pia hakuna aliyecheleweshewa. Tena, ukizidisha uzito wa kila kazi kwa siku iliyokwisha na kujumlisha, unapata 132, wakati mpangilio wa tarehe peke yake unatoa 142.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi ndogo ya siku moja imetangulia ingawa uzito wake si mkubwa. Hii ni kwa sababu inamchelewesha kila mtu siku moja tu, lakini inamwondoa mteja mmoja katika foleni. Hata hivyo, fundi asidanganyike akadhani kwamba kufuata kazi fupi daima ni sahihi. Akipanga kwa ufupi peke yake, yaani suruali, mapazia, gauni, kisha sare, watoto watapata sare siku ya 10 badala ya siku ya 6, na jumla iliyotajwa itapanda hadi 166. Tena bahati ya mfano huu, kwamba kanuni ya uzito haikuvunja tarehe yoyote, haipatikani kila mara. Zinapogongana, mwenye kazi ndiye anayepaswa kuamua lipi baya zaidi: kuchelewa, au kuingojesha kazi yenye uzito.

Kazi isiyokuwa na tarehe

Hadi hapa kila kazi ilikuwa na tarehe yake. Lakini katika orodha ya fundi yule yule kuna kazi nyingine mbili ambazo hakuna mteja aliyezileta: kuifanyia cherehani matengenezo, na kumfundisha kijana anayejifunza kazi. Zitawekwa wapi?

Kwa kanuni ya tarehe, kazi isiyokuwa na tarehe hukaa mwisho wa orodha. Hilo lisingekuwa na madhara kama orodha ingekuwa na mwisho. Lakini kila siku wateja wapya huingia wakiwa na tarehe zao, nao wote husimama mbele yake. Kazi hiyo haikukataliwa wala haikusahauliwa, haifikiwi tu. Wataalamu wa kompyuta waliligundua tatizo hili katika mashine zao, ambamo programu nyingi hungojea zamu moja, na wakalipa jina la njaa: programu yenye daraja la chini huweza kungoja bila ya kikomo huku nyingine zikilishwa. Dawa waliyoitumia ni kuipandisha daraja kila kazi kadiri inavyozidi kungoja, mpaka siku moja iwe ya kwanza.

Binadamu asipoitumia dawa hiyo, maumbile humtumilia. Cherehani isiyotiwa mafuta huharibika katikati ya msimu wa sare, na matengenezo ambayo yangechukua saa moja yanachukua wiki. Kwa maneno mengine, kazi muhimu iliyoachwa haipotei. Huhama kutoka chumba cha pili na kuingia chumba cha kwanza, na inapofika huko huwa imepanda bei. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Funzo la Kondoa na la Duru-Haitemba

Ukweli huu unaonekana kwa ukubwa wake katika ardhi yenyewe. Kusini ya Babati iko Wilaya ya Kondoa. Mmomonyoko wa udongo katika nchi ya Warangi ulijulikana tangu zamani za ukoloni, na jitihada kadhaa zilifanywa, lakini mwaka wowote ule palikuwa na jambo jingine la haraka zaidi. Makorongo yakazidi kupanuka. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kuwa HADO. Kufikia mwaka 1979 hali ilikuwa mbaya kiasi cha kwamba mifugo yote, makumi ya maelfu ya wanyama, iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mimea ilirudi na vilima vikavikwa kijani tena. Lakini mwenye ng'ombe aliyelazimika kuwahamisha au kuwauza alilipa, katika mwaka mmoja, deni la kazi ambayo haikupewa tarehe kwa nusu karne.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1990, Babati nayo ilipata mpango wa kutunza ardhi uliosaidiwa na Sweden, uliojulikana kwa jina la LAMP. Wataalamu waliyachunguza mafuriko hayo na kutazama nafasi ya mvua na ile ya mabadiliko ya uoto katika miinuko. Mvua haimo katika uwezo wa mwanadamu. Uoto umo. Ardhi iliyofunikwa hupokea maji na kuyaachia polepole. Ardhi tupu huyateremsha yote kwa mara moja, pamoja na udongo.

Mfano bora zaidi wa wilaya hii, hata hivyo, ni msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa karibu hekta 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umepangwa kutangazwa kuwa hifadhi ya serikali, huku ukiendelea kukatwa. Mwaka 1994 uamuzi ulibadilishwa, na vijiji vinane vilivyouzunguka vikakabidhiwa kazi ya kuusimamia. Kila kijiji kilichagua kamati, kikatunga sheria ndogo, na kikateua walinzi miongoni mwa wanakijiji wenyewe.

Kwa mtazamo wa sayansi ya kupanga kazi, kilichofanyika hapo ni jambo mahususi. Kulinda msitu ni kazi muhimu isiyokuwa na tarehe. Wanavijiji hawakungoja iwe ya haraka. Waliipa mwenyewe, ambaye ni kamati. Waliipa zamu, ambayo ni doria. Na waliipa adhabu kwa anayeivunja. Kazi iliyokuwa ya kila mtu na ya siku yoyote ikawa ya mtu anayejulikana na ya siku inayojulikana. Uzoefu wao ulisaidia kuifungua njia ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayovipa vijiji vya Tanzania Bara haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao.

Nafasi ya akiba

Jambo moja zaidi lahitaji kuelezwa. Wakuu wengi wa kazi huona fahari wafanyakazi wao wanapokuwa na shughuli kila dakika. Nadharia ya foleni, iliyoasisiwa mwaka 1909 na Mdenmark Agner Erlang alipochunguza mitambo ya simu ya Copenhagen, inaonyesha hatari ya fahari hiyo. Katika foleni ya kawaida ambayo kazi huja bila ya mpangilio, mfanyakazi mmoja mwenye shughuli kwa asilimia 50 ya muda wake huwa, kwa wastani, na kazi 1 mkononi au katika foleni. Akifikia asilimia 80 huwa na kazi 4. Akifikia asilimia 90 huwa na kazi 9, na kwa asilimia 95 kazi 19. Foleni haikui kwa hatua zilizo sawa. Hulipuka karibu na mwisho. Ofisi isiyobakiza nafasi yoyote haiwezi kuipokea dharura isipokuwa kwa kuiiba saa ya kazi muhimu.

Hatua za kufuata

Kutokana na yaliyoelezwa, mfanyakazi wa ofisi, wa karakana au wa shamba anaweza kufuata utaratibu huu.

Kwanza, aandike kazi zake zote, zikiwamo zile ambazo hakuna aliyemdai. Kazi isiyoandikwa haiwezi kupangwa.

Pili, mbele ya kila kazi aandike mambo matatu: tarehe ya mwisho, siku au saa zinazohitajika, na uzito wake kwa namba.

Tatu, kazi zenye tarehe azipange kwanza kwa tarehe ili aone kama zote zinawezekana. Kama haziwezekani, aseme mapema. Ahadi inayovunjwa siku ya mwisho huumiza kuliko inayokataliwa siku ya kwanza. Kisha autumie uzito kuamua mahali palipo na nafasi ya kuchagua.

Nne, kazi muhimu zisizo na tarehe azitengee saa maalumu za juma na kuziheshimu kama mkulima anavyoiheshimu siku ya kupanda. Mkulima wa Babati anayechanganya mahindi na mbaazi hupanda vyote viwili wakati wa mvua, ingawa mbaazi zitavunwa miezi kadhaa baada ya watu kuanza kula mahindi. Hangoji njaa ndipo azikumbuke.

Tano, abakize sehemu ya muda wake bila ya kuipangia kitu, kwa ajili ya dharura ambayo hana budi kuamini kwamba itakuja.

Hakuna kanuni ya hisabati inayoweza kumwambia mtu lipi lina uzito. Kanuni hupokea uzito aliopewa na kuupanga. Kuamua kwamba afya ya mtoto, rutuba ya shamba au ahadi kwa mteja ina uzito wa 12 na si wa 2 ni kazi ya mwenye dhamana, awe fundi, mkuu wa idara au mkutano wa kijiji. Na uamuzi huo hufanywa vizuri zaidi wakati wa utulivu, kabla ya mvua kuanza kunyesha.